Mchukuzi wa Mzinga, Kigwena

Wanaosema nilikuwa na malaria waje wanipime. Sikuwa mgonjwa, sikuwa nimelala, na pombe siigusi. Nilikuwa natoka kukamua mawese Kigwena, bidoni ya mafuta kichwani, jua bado linawaka juu ya ziwa, nikamkuta mwanamume amesimama katikati ya michikichi.

Alikuwa amebeba chuma kirefu juu ya ngata ya majani ya mgomba. Mimi nikafikiri ni bomba la maji.

"Amahoro, mama. Nitue, shingo inakufa."

Huku kwetu mtu akikuomba umtue, humwulizi jina. Nikaweka bidoni yangu chini, tukakishika chuma huku na huku, tukakishusha. Niamini, kilikuwa baridi, na mikono yake vilevile. Hapo nikaona utosini hana nywele, pamesuguliwa na mizigo, na nguo yake ni gunia.

"Unapeleka wapi hii?"

"Kule mulimani. Ni kipande ya muzinga ya Badagi. Wenzangu wamebeba magurudumu, wametangulia."

Wadachi, Wajerumani wale? Si waliondoka huku hata bibi yangu hajazaliwa? Huruma ilinizidi kuliko woga. Mimi nimezaliwa kambi ya wakimbizi Tanzania, nayajua ya vita. Nikamwambia, "Kaka, hiyo vita iliisha zamani. Rudi kwenu."

Akanitazama. "Iliisha? Mbona hawakuja kutuambia?"

Akakaa chini, akalia bila sauti huku akiipapasa shingo yake. Nikadhani yamekwisha. Mara filimbi ikalia huko juu mlimani, niliisikia kwa masikio yangu haya, na yeye akainuka mbio.

"Nitwike, mama. Wakinikosa mimi, watachukua mudogo wangu. Iko peke yake nyumbani."

Nilikataa. Akapiga magoti mbele yangu, mtu mzima. Na desturi unaijua: aliyekutua ndiye anayekutwika. Nikamtwika. Akaupanda mlima bila kugeuka nyuma. Udongo ulikuwa umelowa mvua, lakini nyayo nilizoziona pale zilikuwa zangu tu.

Tangu siku ile sibebi kitu kichwani. Shingo inaniuma, na daktari wa Rumonge kila akinipima haoni ugonjwa. Maumivu hayo nimeyazoea. Kinachoniliza ni kwamba nilimtwika kwa mikono yangu mwenyewe, na yeye alikuwa ameshapumzika.

Basi wewe unayepita Kigwena, usije ukamtua hivi hivi. Kwanza mwambie mdogo wake hakuchukuliwa, alioa, akazaa, akazeekea nyumbani. Utasema huna hakika. Hata mimi sina. Siku ile neno hilo halikunijia, ndiyo maana hadi leo bado anapanda.