Waliosema nimeuza ulimi wa mwanangu nikapata baiskeli, njooni msikie alivyomkalisha chini mama mkwe

Wakuu, hodi humu ndani.

Mimi ni msomaji wa kimya kimya. Leo naandika kwa sababu juzi nimeona uzi wa kijana mmoja aliyepata mtoto mwenye Down syndrome, anauliza aanzie wapi. Wasomi wamempa majibu marefu. Mimi kisomo sina, niliachana na shule darasa la pili, ila mtoto wa namna hiyo nimemlea, tena enzi ambazo hata jina la hali yenyewe hatukulijua.

Nitakachosema ni kweli. Pale nitakapojisifu, napo ni kweli, mnivumilie tu.

Miaka ya sabini, kijiji kimoja upande wa Nyakitonto, Kasulu. Ndio kwanza tumehamishiwa vijiji vipya, nyumba zimepangwa mstari kama matuta ya viazi, kando ya barabara ya kwenda Kibondo.

Kijana mwembamba kuliko wote kijijini nilikuwa mimi. Na kijana pekee mwenye baiskeli nilikuwa mimi.

Baiskeli sikurithi. Nilifanya biashara ya chumvi ya Uvinza. Nilianza kwa kichwa, namaanisha kichwa hiki hiki, mzigo juu, miguu chini, mpaka Kasulu, mpaka Kibondo. Baadaye ndio nikapata baiskeli, iliyokwishatumika, breki hakuna, ukitaka kusimama unaweka kandambili kwenye tairi.

Chumvi hiyo ndiyo iliyonifikisha Gwarama, ambako nikamuona binti anaitwa Esta. Nikamuoa. Mimi husema alinipenda kwa akili ya biashara. Yeye husema aliniona nimesimama juani na mzigo, akanionea huruma.

Mtoto wetu wa kwanza tukamuita Hamenyimana, maana yake ajuaye ni Mungu. Kwa kifupi Hamenya.

Alizaliwa mwili laini. Ukimbeba anateleza kama sabuni iliyolowa. Macho yake madogo yamepanda juu kidogo, na ulimi unachungulia nje muda mwingi, kama mtu anayeonja mboga.

Muuguzi wa zahanati ya misheni alimtazama, akamgeuza, akamrudisha kwa mama yake. Akasema, "Huyu atachelewa, lakini atafika."

Maneno hayo nimetembea nayo maisha yangu yote.

Na kweli alichelewa. Wenzake wanakaa, yeye amelala. Wenzake wanatembea, yeye ndio anakaa. Wenzake wanakimbiza mbuzi, yeye ndio anasimama kwa kushika mguu wa mbuzi huyo huyo.

Upande wa kusema ndiyo kabisa. Neno hakuna.

Nikaamua kumfundisha mwenyewe, maana mimi nikiamua jambo linakuwa. Kila jioni nakaa naye, nimeshika kipande cha muwa. Namwambia sema baba. Anautazama muwa, ananitazama mimi, anafungua mdomo, nami naanza kusogea mbele kwa matumaini. Hapo mama yake anatokea nyuma anampa muwa mwingine.

Mpaka leo naamini bila Esta yule mtoto angekuwa mhubiri.

Sasa kijiji kikaanza kusema. Mnajua watu wakipangwa mstari mmoja, neno linalotoka nyumba ya kwanza asubuhi linafika ya mwisho likiwa limenenepa. Wakasema mimi nimeuza ulimi wa mtoto kwa mganga nikapata baiskeli.

Wakuu, ulimi wenyewe ulikuwa nje kila mtu anauona. Nitauzaje kitu ambacho bado kipo kibarazani?

Na kama ni kuuza, si ningeomba yenye breki?

Mimi nilicheka. Esta hakucheka. Alianza kupita njia ya nyuma akienda kisimani.

Mtoto mwenyewe habari hizo hakuwa nazo. Kila asubuhi alikaa mbele ya nyumba akitazama kina mama wanaokwenda shamba. Wasiojua kwetu Buha, nchi ya Waha, niwaambie, salamu yetu si ya kurusha mkono ukiwa unapita. Mtu anasimama, anainama, anapiga makofi laini ya viganja vilivyokunjwa, anauliza ulivyoamka wewe, nyumba, ng'ombe, mpaka mtu mwenye haraka anajuta kukutana na wewe. Wanawake ndio wanaiweza zaidi, wanachuchumaa kabisa.

Asubuhi moja, akiwa na miaka kama minne, Hamenya akachuchumaa mbele ya mama mmoja mwenye jembe. Akapiga makofi laini. Akasema, "Keye."

Alitaka kusema mwakeye, ndiyo salamu yetu ya asubuhi. Nusu ya neno, lakini nusu iliyo hai.

Yule mama akaweka jembe chini akaitikia.

Mimi nikatangaza kijiji kizima kwamba nimemfundisha. Kilichonisumbua ni kimoja tu, kwamba anasalimia kike. Nikajaribu kumwonyesha salamu ya kiume, ya kusimama. Akanitazama mpaka nikamaliza, akachuchumaa, akapiga makofi. Nikaacha.

Halafu alikuwa na sheria yake. Akianza kusalimia, kila mtu aliyepo lazima aitikie, na waliopo wote wasalimiane. Bila hivyo hainuki. Siku moja tulikaa pale jua likapanda kwa sababu mbuzi alikuwepo na hakuitikia.

Basi maneno ya kuuza ulimi yakapanda lori yakafika Gwarama. Mchana mmoja nikaona lori limesimama barabarani, anashuka mama mkwe wangu, na nyuma yake shemeji Yakobo, kaka yake Esta, kijana mwenye mabega kama mlango.

Nikaruka nyuma ya nyumba.

Vijana wa leo mtacheka. Kwa ukoo wetu enzi hizo, mkwe wa kiume na mama mkwe hawaonani uso, na mke na baba mkwe wake vilevile. Hawasalimiani, hawali pamoja, mkikutana njiani mmoja anaingia porini. Hiyo ndiyo heshima. Mimi niliyeweza kubishana na wachuuzi wote kuanzia Uvinza mpaka Kibondo, mbele ya mwanamke yule nilikuwa bubu kwa sheria.

Jioni tukaongea hivi. Yeye yuko ndani. Mimi niko nje nyuma ya ukuta. Esta amesimama mlangoni anapeleka maneno huku na huku, ingawa ukuta wenyewe ulikuwa wa fito na udongo, na kila mtu anamsikia mwenzake mpaka akimeza mate.

Mama mkwe akasema, "Esta, mwambie mumeo nimekuja kumchukua mjukuu wangu. Gwarama hakuna biashara ya chumvi. Huko ulimi wake utarudi."

Mimi nikajibu. Wakuu, nilijibu vizuri. Nikaeleza habari ya kichwa na miguu, nikaeleza baiskeli ilikotoka, nikaeleza muuguzi wa zahanati alivyosema, nikaweka na methali. Nadhani ndiyo hotuba bora niliyowahi kutoa maishani.

Esta akageukia ndani akasema, "Anasema hapana."

Mama mkwe naye akaongea sana, kwa sauti ya chini. Kwamba binti yake amekonda, mifupa ya shingo inaonekana. Kwamba tangu mtoto huyu hajapata mwingine. Kwamba watu wanapita mbele ya nyumba hii wakinong'ona, na mtoto anayenong'onewa hakui.

Esta akanigeukia, machozi yanashuka, akasema, "Anasema kesho, na lori la asubuhi."

Kwetu mama mkwe akiomba kitu mara ya pili, hapewi sababu, anapewa kitu. Ukikataa umemtukana yeye na ukoo wake, na binti yake anaweza kuondoka naye. Nilikuwa nampoteza mmoja au nawapoteza wote wawili. Na mimi, bingwa wa maneno, niko nyuma ya ukuta nimeshika pampu ya baiskeli.

Asubuhi mapema mzigo ukafungwa. Kanga mbili, kibuyu cha maziwa, na kile kipande cha muwa. Yakobo akasimama tayari kumbeba. Mimi niko nyuma ya nyumba nimegeuza baiskeli miguu juu, naziba tundu ambalo halikuwepo.

Nikasikia makofi laini. "Keye."

Mama mkwe akaitikia. Alishtuka, nilisikia sauti yake. Yeye alikuja kuchukua mtoto bubu.

"Keye," kwa Yakobo. Yakobo akaitikia. "Keye," kwa mama yake. Esta akaitikia akilia.

Nikajua imebaki nini.

Nikasikia miguu yake midogo inazunguka nyumba. Akafika, akashika kidole changu, akavuta. Nikamwambia kwa kunong'ona Hamenya, mwanangu, kule siwezi. Akavuta. Wale watoto mwili ni laini, ila wakishika kidole wameshika.

Nikaenda kinyumenyume, wakuu. Kofia nimeishusha mpaka puani, mgongo ndio unaotangulia kama kaa. Mama mkwe kuniona natokea akajifunika kanga uso mzima, akageukia ukuta. Tukawa watu wazima wawili tumepeana migongo uani, na mtoto katikati.

Hamenya akachuchumaa. Akanipigia makofi. Nikaitikia. Akampigia bibi yake. Akaitikia. Halafu akatulia, anatutazama, kofia yangu na kanga ya bibi yake. Anasubiri tusalimiane.

Mimi nikavuta kofia, bibi akavuta kanga.

Mbali tukasikia lori linapanda kilima.

Yakobo akasema mama tunachelewa, akamwinamia mtoto. Akamshika kwapani, Hamenya akalegea, akateleza akarudi chini. Akamkumbatia kiunoni, akateleza. Akamwinua kama gunia, akatoka kwa chini kama maharage kwenye gunia lililotoboka. Yale mabega yote hayakufaa kitu. Kila akifika chini anarudi kuchuchumaa pale pale, mikono tayari, anasubiri.

Halii. Hasumbui. Anasubiri tu, kama balozi wa nyumba kumi anayetaka mkutano utimie.

Lori likapiga honi barabarani. Likasimama kidogo. Likaondoka, likaenda zake Kibondo.

Ndipo nikasikia nyuma yangu makofi ya mtu mzima. Laini, ya taratibu, viganja vimekunjwa.

"Mwakeye," akasema mama mkwe, uso bado ukutani.

Tangu nimuoe binti yake hiyo ndiyo mara ya kwanza ameniambia neno ambalo halikupitia kwa mtu. Nikapiga makofi, nikaitikia, sauti ikatoka kama ya kuku.

Hamenya akainuka. Kazi imekwisha. Akaenda kwenye mzigo, akachukua muwa wake.

Nikachungulia kwa pembe ya kofia, nikaona kanga inatikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, mpaka akakaa chini.

Akasema, "Esta, mwambie mumeo ulimi haujauzwa. Mtoto anao kumzidi baba yake."

Na baada ya kupumua, "Na huyu simchukui. Gwarama baba mkwe wangu yu hai, hatujaonana uso tangu niolewe. Huyu akifika atatukalisha mkeka mmoja."

Yakobo akauliza mzigo aufanyeje. Akaambiwa afungue.

Mama mkwe alikaa mpaka lori lingine lilipopatikana. Kila asubuhi alikaa mbele ya nyumba na mjukuu wake, wanasalimia barabara nzima. Wale waliokuwa wakinong'ona ikabidi waweke majembe chini, wainame, waitikie. Ni vigumu kumsengenya mtu ukiwa unampigia makofi. Esta akarudi kupita njia ya mbele.

Mimi niliendelea kukaa nyuma ya nyumba. Heshima ni heshima. Ila asubuhi moja moja nilikuwa navutwa.

Hamenya alichelewa, lakini alifika. Ni mtu mzima sasa, mvi ameziwahi kabla yangu. Anajua mambo machache na anayajua sawasawa. Nina duka Kasulu mjini, kubwa, si la kubahatisha, na yeye ndiye anayekaa mlangoni. Bado anasalimia kike.

Basi kwa yule kijana wa uzi wa juzi, somo langu ni hili. Mtoto wako usimtafutie neno unalolitaka wewe. Mimi nilipoteza miwa mingi nikisubiri baba. Kaa naye mbele ya nyumba, watu wamuone, naye awaone. Neno lake atalichagua mwenyewe, na usishangae likiwa ndilo neno ulilokuwa umekatazwa kulisema wewe.

Mama Hamenya amesoma hapa begani kwangu, anasema hotuba ya ukutani haikuwa nzuri kiasi hicho. Anasema ilikuwa ndefu tu. Ninyi mtaamua.

Wenye watoto kama wangu, semeni humu, wa kwenu alianza na neno gani? Na mkipita Kasulu mkaingia dukani, itikieni kwanza mlangoni, tena wote mlioingia msalimiane. Vinginevyo hata sukari sitaweza kuwauzia, na mimi kumwinua pale siwezi.