Dawa ya Mbu Mchana

Hadi leo, nikiwasha dawa ya mbu, moshi ukinigusa pua, mara nasikiliza mlango kama kuna mtu anatoka.

Kijana wa anti yangu alikuwa amejiua. Kwetu mtu akijiua watu hawalii, wanamzika nje ya boma kimya kimya. Anti akaja kukaa kwetu Kaloleni, haongei, hali chakula. Mama akaniambia, "Usimwache, asije akamfuata kijana wake."

Nikamlinda. Darasani nilikuwa wa mwisho, lakini kwa kulinda nilikuwa namba moja. Hata chooni nilisimama mlangoni naita, "Anti, uko?"

Mchana mmoja akaja jirani yetu Mjapani, fundi wa barabara, mtu wa dini ya Buddha. Majirani wengine walikuwa wanaogopa kuingia kwetu kwa sababu ya kile kifo. Yeye akaketi chini, akawasha kijiti chembamba, kinanuka kama dawa ya mbu.

Nikamwambia, "Mzee, mbu huja jioni."

"Hii ubani ya kijana," akasema, akamgeukia anti. "Yeye hapana mbaya, Mama. Yeye umia sana. Lakini kufa hapana maliza maumivu. Imebaki kwako. Sisi tabeba pamoja."

Anti akaniangalia. "Huyu mtoto na mbu wake," akasema, akacheka kidogo, halafu akaanza kulia kwa sauti. Mama akatoka jikoni mbio. Nilidhani atamnyamazisha. Akaketi kando yake, akalia pia.

Jioni anti akaomba uji. Alipoenda chooni nikamfuata.

"Niko, nyathina, mtoto wangu," akasema, kabla sijaita.