Nilivyojifunza Kula kwa Kikombe

Ninakusalimu wewe uliyeshika karatasi hii, na hasa wewe uliyelala wodini na mshono tumboni, unayeogopa sahani ya chakula kuliko ulivyokiogopa kisu cha daktari. Mimi niliiogopa. Ninaandika kwa ajili yako, na sitakuficha kitu, hata yale ya chooni.

Nyumbani Newala wananiita Mama Somoe, kwa jina la binti yangu. Kabla ya kuugua nilikuwa mwanamke wa kilo nyingi. Khanga hazikunitosha kufunga, na nilijisikia vizuri hivyo, maana kwetu mwili ni ushahidi kwamba nyumba ina chakula. Nilikuwa nauza chai, mihogo ya kuchemsha na ugali karibu na mahali wanunuzi wa korosho walipoweka mizani yao. Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipofungua biashara. Wanunuzi binafsi walianza kuja na malori, na madukani vitu vilirudi. Vijana hamjui. Sisi tulipanga foleni kwa ajili ya sukari, na ukipata nusu kilo unaificha chini ya kitanda. Wazee walikunywa chai kwa chumvi. Basi sukari iliporudi, mimi nilijenga jina kwayo: ukitaka chai tamu, nenda kwa Mama Somoe.

Na desturi ya kwetu ni kwamba muuzaji anaonja kwanza, mbele ya mnunuzi, ili yule aone hakuna kibaya kilichotiwa. Nilionja tangu asubuhi hadi jioni. Chakula chenyewe nilikula mara moja tu, saa kumi, mlima wa ugali wa muhogo, harakaharaka, nimesimama na mwiko mkononi.

Ugonjwa ulianza kama moto kwenye chembe ya moyo. Nikila unatulia, njaa ikiuma unarudi. Nikawa nalamba magadi, nakunywa maji ya majivu, narudi jikoni. Nilikwenda hivyo kama miaka mitatu. Halafu moto ukageuka uzito. Nikawa natapika, na nilichotapika kilikuwa chakula cha jana, kisamvu cha jana bado kinaonekana, kimechacha, kinanuka. Nikijigeuza kitandani tumbo linapiga kelele kama dumu la maji lililojaa nusu. Nikienda chooni, kinatoka kitu cheusi kama lami. Mwili uliondoka. Khanga ileile iliyokuwa hainitoshi, nikawa naizungusha mara mbili.

Watu wakaanza kunong'ona. Miaka ile ukikonda hukuulizwa unaumwa nini. Walikuwa wameshajua wao. Wateja wakahamia kwa jirani. Mmoja alinunua muhogo kwangu, kisha akautupa nyuma ya lori akidhani sioni. Niliona, na iliniuma kuliko tumbo lenyewe.

Mume wangu, Baba Somoe, ni mtu wa maneno machache. Siku niliyozirai jikoni alimwomba dereva wa lori la korosho atushushe Masasi, kwenye hospitali ya misheni. Kwenye mteremko nilitapika ndani ya ndoo mpaka nikawa natapika hewa.

Daktari alinibonyeza tumbo, akalitikisa, akasikiliza lile dumu. Akasema vidonda vya miaka vimeacha kovu, na kovu limeziba mlango wa kutokea chakula.

"Mama, unakufa kwa njaa, na chakula kiko tumboni," alisema.

Walinipima damu, na kile kilichokuwa kikinong'onwa hakikuwemo. Wakaniongezea damu ya mume wangu. Kisha wakanipasua, wakakata sehemu kubwa ya mfuko wa tumbo, na kilichobaki wakakishona kwenye utumbo. Nilipozinduka nilikuwa na mpira puani, mshono kutoka chembe ya moyo hadi kitovuni, na kiu ya ajabu. Siku nne sikupewa hata tone. Siku ya tano nesi akaja na maji kwenye kijiko cha chai, akanipa kijiko kimoja, akaondoka. Nililia kama mtoto.

Nesi huyo aliitwa Agnesi, mzaliwa wa Nanganga, mkali kweli. Siku ya kuruhusiwa alinipa kikombe kidogo cha bati, rangi imebanduka mdomoni.

"Hili ndilo tumbo lako sasa," akasema. "Chakula kisizidi hiki. Mara sita kwa siku. Tafuna mpaka kilainike. Maji usinywe pamoja na chakula. Na sukari, mama, iache."

Nikaitikia ndiyo nesi, ndiyo nesi, huku nawaza nyumbani. Baba Somoe alikuwa nje anatafuta gari. Masharti yale niliyasikia peke yangu, na hapo ndipo nilipokosea.

Nyumbani nilimkuta mama mkwe wangu, Bi Asumini, ametoka Tandahimba na kuku wawili na kilo mbili za sukari. Aliponiona alikaa chini. "Nnungu wangu," akamwita Mungu kwa Chimakonde, "wamenirudishia mifupa." Hakupumzika hata kidogo. Alipika uji na karanga, akamimina sukari, akaniletea bakuli la kutosha watu watatu. Kikombe changu kilikuwa dirishani. Nilikitazama. Lakini utamkatalia vipi mama mkwe aliyesafiri na kuku, aliyekaa mbele yako anaupuliza uji upoe? Niliunywa wote.

Haikupita nusu saa. Tumbo lilijikunja na kunguruma. Moyo ulikwenda mbio, jasho likatiririka mpaka godoro likalowa, mikono ikatetemeka, macho yakaingia giza. Nikaharisha palepale kitandani, mtu mzima, mbele ya mama mkwe. Nilijua nakufa. Bi Asumini alinisafisha mwenyewe wala hakukunja uso. Kisha akasema mwili hauna nguvu, uongezewe uji. Kesho yake ikawa vilevile, na keshokutwa. Akaanza kusema daktari amesahau kitu tumboni. Mimi nikawa naogopa hata harufu ya sufuria, na nikawa nasema nimeshiba kabla sijala.

Baba Somoe akanirudisha Masasi. Daktari alisikiliza yote, akauliza, "Nani anakulisha?"

Mume wangu alitazama viatu vyake. "Mama yangu," akasema.

Daktari hakumlaumu mtu. Alitueleza kwamba zamani tumbo lilikishika chakula na kukitoa kidogo kidogo. Sasa hakuna wa kukishika. Kitu kitamu kikishuka chote kwa mara moja, utumbo unavuta maji ya mwili, na ndiyo maana moyo unakimbia. Mshono ulikuwa mzima kabisa.

"Mimi kazi yangu nimeimaliza," akasema. "Iliyobaki ni yako, na utaifanya kila siku mpaka uzeeni. Ukikiogopa chakula, utakufa na mwiko mkononi."

Maneno hayo niliyabeba. Njiani kurudi nilijiapia kwamba kufa nitakufa siku yangu ikifika, lakini sitakufa kwa sababu ya adabu.

Tulipofika uji ulikuwa tayari. Nilipiga magoti, nikamshika Bi Asumini mikono. "Mama, umeniuguza kwa mkono wako," nikamwambia. "Lakini uji huu ndio unaoniangusha. Nitakula kwa kikombe hiki, bila sukari, na nitajipimia mwenyewe."

Aliitoa mikono yake. "Miaka mingapi nimekunywa chai ya chumvi," akasema. "Leo sukari ipo, nakuletea, unaikataa. Sema tu hunitaki."

Akalia. Nililia na mimi, lakini bakuli sikulishika. Asubuhi alifunga mzigo wake akarudi Tandahimba, sukari akaiacha mezani. Baba Somoe hakusema na mimi siku mbili. Nilimwelewa. Mama ni mama, na mke aliyebaki mifupa hana hoja nzito.

Basi nikaanza shule ya kikombe. Asubuhi uji mwepesi usio na sukari. Jua likipanda, yai la kuchemsha. Mchana kunde zilizopondwa, au samaki, na kisamvu kilichotwangwa vizuri kikaiva na karanga, na tonge la ugali lisilozidi yai la kuku. Ugali niliuweka mwisho, maana ukitangulia unakalia nafasi yote na samaki anakosa pa kuingia. Nilitafuna mpaka taya zikauma. Nikimaliza nalala chali kidogo, chakula kishuke taratibu. Maji nilikunywa funda moja moja kati ya mlo na mlo. Haba na haba hujaza kibaba, wanasema. Mimi kibaba changu kilikuwa kidogo, lakini kilijazwa mara sita.

Na nilikosea pia, usidhani. Msimu wa mabibo, yale matunda ya korosho, ulipofika nilipita shambani nikakuta bibo jekundu limeanguka, linanukia. Nikajiambia, moja tu. Mabibo hayana moja tu. Baada ya muda nilikuwa nimekaa kwenye majani makavu, moyo unadunda, jasho linanitoka, najicheka huku natapika. Sasa bibo naliangalia, nasalimiana nalo, napita.

Niliporudi kwenye biashara, taabu ikawa kwenye kuonja. Mkulima mmoja, mteja wangu wa zamani, alishika kikombe chake cha chai asinywe. "Onja kwanza, Mama Somoe," akasema. Nikachota kijiko kimoja, nikaonja. Akasema zamani nilikuwa napiga kikombe kizima, mbona leo nachovya kama kuku. Benchi zima likatazamana. Nilijua wanachowaza.

Nikaenda jikoni, nikachukua kikombe changu cha bati chenye kunde, nikaja kukaa katikati yao. Nikawaeleza yote: moto, matapishi, choo cheusi, kisu, sukari. Nikainua blauzi kidogo, wakaona mwanzo wa mshono. Halafu nikala mbele yao, polepole, natafuna, mpaka nikamaliza. Yule mkulima akanywa chai yake. Tangu siku hiyo sikujificha tena kula. Kuna ambao hawakurudi, na sikuwafuata. Mwili wangu ulirudi, si ule wa zamani, ila unatosha kubeba ndoo ya maji kichwani, na anayeishi Newala anajua hilo si jambo dogo.

Mwaka uliofuata Somoe alitoka unyagoni, na Bi Asumini akaja. Asingeweza kukosa sherehe ya mjukuu wake. Shikamoo Mama, marahaba, basi. Siku tatu alinitazama tu. Aliniona nikijipimia, nikilala chali, nikiinuka kwenda kufuata maji.

Siku ya sherehe shangazi wa mume wangu, aliyekuja kutoka Masasi na nguo mpya, aliniletea soda na sahani ya pilau iliyofurika. Akasema kwa sauti, mbele ya wageni, kwamba mama wa mwali hawezi kukaa na kikombe kama mgonjwa, nile, niache kuwatia aibu. Nilifungua mdomo nijieleze. Bi Asumini alikuwa ameshainuka. Aliichukua soda ile mkononi mwa wifi yake, akaiweka chini.

"Huyu halishwi hivyo," akasema. "Mimi nilimlisha hivyo, nikakaribia kumzika. Leteni kikombe chake."

Akanipimia mwenyewe, nyama kwanza, wali kidogo juu yake. Siku hiyo nilitafuna kuliko siku zote.

Namshukuru Mungu, namshukuru daktari, na Nesi Agnesi na ukali wake, na Baba Somoe aliyefua mashuka bila kuambiwa. Na wewe unayetoka wodini, nisikilize. Anayekupikia aingie naye kwa daktari, ayasikie masharti kwa masikio yake. Usiuache upendo wake ubahatishe. Ukiambiwa urudi kuchomwa sindano za kuongeza damu, rudi. Mimi niliruka moja nikapauka, ulimi ukawaka moto, miguu ikafa ganzi, nikarudi nimeinamisha kichwa. Moto ukianza kwenye chembe ya moyo usiuzime kwa majivu, nenda ukapimwe. Na siku utakayoteleza ukala usichopaswa, lala chini, ngoja moyo utulie, kisha mlo unaofuata upime upya. Usiache kula.

Bi Asumini hayupo tena. Uzeeni chakula kilimshinda. Watu walimletea mabakuli, akawa anageuza uso ukutani. Nikamlisha mimi, kwa kikombe changu. Kijiko, nasubiri. Kijiko, nasubiri. Siku moja alikimaliza chote. Akakishika kwa mikono yake miwili, akachungulia ndani.

"Kumbe kinashibisha," akasema.

"Kinashibisha, Mama."

Akanirudishia. Nikakiosha, maana saa yangu ya kula ilikuwa imefika.