Jua la Mji wa Binti

Wenzake machinjioni walimwita Radi, na hawakuwa wakimsifu. Alikuwa na mkono mwepesi. Ukimkawiza unapigwa, ukimjibu, unapigwa na ukoo wako mzima unatukanwa. Mlango wa stoo ulikuwa na tundu la ngumi yake, na msimamizi alishachoka kuuliza. Usidhani kuchinja ndiko kulikomharibu, alikuja kazini akiwa hivyo hivyo.

Mtu huyu, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akibembeleza chochote, aliibembeleza saa. Ilikuwa saa janja yenye programu ya jua na mwezi, zawadi ya binti yake aliyeolewa mji wa mbali, upande wa magharibi. Jua lilikuwa doa la manjano lililopanda na kushuka kwenye upinde. Mwezi ulinenepa na kukonda chini yake. Kila siku aliufuatilia mwendo wao, akitabasamu peke yake. "Leo mwezi umebaki ukucha tu," hutangaza, na wote huitikia upesi, maana nani anataka kibao?

Kazini ilimfaa pia. Ng'ombe hupitishwa kwenye ujia mwembamba wa zege kuelekea kwa mchinjaji, na hakuna kinachowatia wazimu kama mstari wa jua sakafuni. Wao huuona kama shimo. Kwa hiyo mlango wa magharibi uliachwa wazi hewa ipite, ukafungwa kabla jua la alasiri halijaufikia. Zamani walibahatisha. Sasa Radi alitazama mkono wake, akanguruma, mlango ukafungwa.

Asubuhi moja alitaka kumpigia binti simu. Akahofia kumwamsha, akaihamisha programu ionyeshe jua la mji wa binti. Kumbe huko bado giza. Akaahirisha simu, akaenda kazini, na kuirudisha programu akasahau.

Alasiri shemeji yake, ndugu wa pekee wa mkewe, alikuwa amesimama kwenye lango la ujia. Nyuma ya lango fahali mweusi alipiga kwato.

"Shemeji, mwanga unaingia. Tufunge mlango kwanza."

Radi, ng'ambo ya ukuta, akatazama saa. Doa la manjano lilikuwa bado juu. "Jua halijashuka. Fungua lango!"

"Mwanga si huu hapa? Njoo uone mwenyewe!"

"Unanifundisha kazi mimi?" Radi akaruka ukuta, hata sakafuni hakutazama, akamtia kibao cha uso, kofia ikarukia kwenye damu. "Fungua, nimesema!"

Shemeji akafungua, akajibanza nyuma ya lango. Fahali akaingia, akauona mstari, akarudi kinyumenyume kwa uzito wake wote. Lango la chuma likamsukuma shemeji ukutani. Mbavu zilisikika zikivunjika. Fahali akapiga mateke, akarudi tena, na kila akirudi lango liligandamiza zaidi, mpaka yowe la mle nyuma likakatika. Radi akapanda juu ya ukuta na nyundo, akampiga mnyama kisogoni, akampiga tena, akaendelea kumponda hata alipokwisha kufa, huku akitukana na kulia. Alipoinua mkono kufuta damu usoni ndipo akaliona jina juu ya lile doa la manjano. Mji wa binti.

Hospitalini daktari hakuahidi kitu. Radi alisimama pembeni. Mke wa Radi alifika mbio, kanga mkononi, akainama kitandani kwa ndugu yake. Shemeji alisema kwa vipande, pumzi ikimkata.

"Dada, kosa langu. Shemeji aliniambia nisifungue. Nikafungua."

Mke akaushika mkono wa mumewe, ungali na damu, akaubusu. "Ahsante, mume wangu. Bila wewe leo ningekuwa nazika."

Wenzake machinjioni nao walikuwa wamesema hivyo hivyo, kwamba kosa ni la shemeji na Radi ndiye aliyemwokoa. Radi angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angethubutu kumuumbua. Lakini aliona aibu. Mtu aliyevunjwa na ukaidi wa Radi mwenyewe alikuwa akimsitiri, na yeye hakustahili upendo wa namna hiyo.

"Anadanganya," akasema. "Alinionya. Nilimpiga, ndipo akafungua."

Akasogea kitandani, akanyoosha mkono kumgusa bega, aombe radhi.

Shemeji akakiinua kiwiko kujikinga uso, mbavu zote zile zimevunjika, akalia kwa maumivu.

"Sijasema kitu, shemeji! Dada, mwambie! Mwambie sijasema kitu!"