Mkungu wa Kocha

Jumapili ile nilimwambia mume wangu tusiende kanisani. Nilimwambia kichwa kinaniuma. Hakikuwa kinauma, hakuna kilichokuwa kinauma; nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda nimeshika soksi moja, na nadhani ningeweza kuishika mpaka jioni. Yeye alikuwa ameshavaa suti, anapiga viatu brashi.

"Tusipoenda watasema tumejificha," alisema.

"Na tukienda, watanyamaza?"

Akahamia kiatu cha pili.

Jana yake timu yake ilikuwa imefungwa na watani wa jadi. Mume wangu ni mwalimu wa michezo na kocha mkuu wa timu ya mpira ya chuo cha ualimu, huku juu kwenye miteremko ya Meru, ambako ukitoka mjini unaacha lami na kuanza kupita kwenye kahawa na migomba. Ng'ambo ya korongo kuna chuo cha kilimo. Kila mwaka vyuo hivi vinakutana, na mlima wote unagawanyika: nyumba hii ina mtoto aliyesoma Ualimu, nyumba ile ina mtoto aliyesoma Kilimo, na wiki hiyo kuna ndugu wa tumbo moja wasiopeana hata chumvi. Tangu mume wangu apewe timu hatujawahi kuwafunga Kilimo. Hii ilikuwa mara ya tatu mfululizo.

Tena ya safari hii ilikera kuliko zote, kwa sababu tulikuwa tunaongoza. Namba tisa wetu alifunga mapema, akina mama wakapiga vigelegele, hata mchungaji alionekana akiruka. Kipindi cha pili, muda umebaki kidogo, mume wangu akamtoa namba tisa huyo huyo, akaingiza beki. Uwanja mzima ulisema "Aaah!" Hata mimi nilisema. Kilimo walipoona hakuna tena wa kuwatisha, wakapanda wote mbele. Wakasawazisha. Dakika za majeruhi ikaja kona, kichwa, wavuni. Basi, mchezo ukaishia hapo.

Bodi ya chuo ilikuwa ikae Jumanne kuamua kama abaki au aende. Hilo halikuwa siri, mkuu wa chuo alilitangaza pale pale uwanjani ili watu waache kurusha chupa. Akiondolewa, na nyumba ya chuo tunayokaa tunaiacha, lakini nyumba haikunisumbua sana. Mimi nina cherehani yangu kule mjini, Sokon One, tungepata vyumba Lemara au Daraja Mbili kama wanavyoishi wengine. Niliyekuwa namhofia ni yeye. Mume wangu hanywi, hachezi bao, siasa hazijui. Msimamishe pembeni ya uwanja na filimbi shingoni, hapo ni mtu kamili. Umtoe pale, mimi sijui ningekuwa naishi na nani.

Tukaenda kanisani. Watu walitusalimia vizuri mno, kwa ile sauti ya msibani. "Bwana Yesu asifiwe, Mama Kocha." "Amina." Nilikaa kwenye benchi letu, kwaya ikaimba, mchungaji akahubiri, nami sikuhisi kitu. Si huzuni, si aibu. Unajua shavu linavyokuwa ukishang'olewa jino? Unaligusa, unajua ni lako, lakini halikwambii lolote. Ndivyo nilivyokuwa mwili mzima. Hata wimbo ninaoupenda ulipita nikiutazama tu kwenye midomo ya watu.

Ibada ikaisha tukatoka nje kwenye mnada.

Kwetu huku mlimani, sisi Walutheri, asiye na fedha anatoa sadaka ya kile alichonacho: mayai, kuku, maziwa, parachichi, ndizi. Ibada ikiisha vitu hivyo vinanadiwa uani. Unaweza kununua ukapeleka nyumbani kwako. Unaweza pia kununua ukampa mtu mwingine hapo hapo mbele ya usharika wote, na ukimpa lazima useme neno. Mara nyingi neno lenyewe ni la kumchokoza, watu wacheke. Naye anayepewa hakatai, kwa sababu kitu kimeshapita madhabahuni.

Mnadishaji wetu ni mzee wa kanisa, mwalimu mstaafu, na mdomo wake Mungu ndiye anajua aliutoa wapi. Alianza na trei ya mayai, akaiinua juu.

"Mayai haya, waumini! Hakuna hata moja lililopasuka. Si kama ngome ya watu fulani tuliyoiona jana!"

Watu wakaangua kicheko. Na hapo, kama waliokuwa wanangoja ruhusa, mjadala ukaanza.

"Mimi nasema aende," alisema mzee mmoja mkulima wa kahawa, ambaye ujanani aliwahi kuichezea timu ya chuo na hajaacha kutukumbusha. "Unamtoaje mfungaji? Hebu nielezeni. Unamtoaje? Enzi zetu mfungaji alitoka uwanjani akiwa amebebwa!"

"Mzee, mpira wa siku hizi ni mbinu," alisema kijana mmoja wa kwaya. "Kocha alitaka kupaki basi, wote warudi kulinda goli."

"Basi gani halina breki?" Huyu alikuwa mfanyabiashara mmoja mnene, mtu wa Kilimanjaro, ana duka la vifaa vya ujenzi mjini. Tena ni mjumbe wa bodi ya chuo. Alisema hivyo kwa sauti ya kutosha kufika barabarani, na watu wakacheka tena.

"Mimi nasikia amegombana na namba tisa."

"Mimi nasikia Kilimo walimpoza na bahasha."

"Wee, acha hizo! Kocha mlokole yule."

"Ulokole na sabu vinahusiana nini?"

Mume wangu alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka kwao, mikono nyuma, anasikiliza kama anayesikiliza matangazo ya ndoa za watu wengine. Kila mtu alimwona, na hakuna aliyepunguza sauti. Mayai yakauzwa, kuku akauzwa, wao bado wanamtoa na kumrudisha, wanamtoa na kumrudisha.

Mimi nina hasira za karibu, kila anayenijua anajua hilo. Nikajikuta nimeshafika katikati yao.

"Jamani, yupo hapa! Anawasikia! Kama mna swali si mumuulize mwenyewe?"

Mzee wa kahawa akanitazama kutoka juu mpaka chini.

"Mama Kocha, shikamoo yangu iko wapi?"

Uani pote kicheko. Ikabidi niitoe, meno yamebana. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Sasa tumuulize nini? Sisi tulikuwepo. Macho tunayo."

Nilirudi nilipokuwa nimesimama. La ajabu ni kwamba ile hasira iliishia njiani, haikufika hata rohoni. Nilikuwa nimepayuka kwa mazoea tu.

Kikabaki kitu cha mwisho, mkungu wa ndizi mshale, zile za kupika, mkubwa, umenona, bado unachuruzika utomvu. Mnadishaji akauzungusha ili wote wauone. Mfanyabiashara akataja bei, mzee wa kahawa akapandisha, mfanyabiashara akapandisha tena, wakashindana hivyo mpaka mzee akatikisa mkono kwamba ameshindwa. Mkungu ukawa wa mfanyabiashara.

"Unabeba au unatoa?" mnadishaji akamuuliza.

"Natoa. Mpeni Kocha."

"Na neno lako?"

"Apate nguvu," alisema mfanyabiashara, "za kufunga mizigo!"

Sijawahi kusikia usharika wetu ukicheka vile. Mzee wa kahawa alishika mti. Mchungaji aligeuka upande wa pili, mabega yake yakitikisika. Mume wangu akatoka mbele, akaupokea mkungu kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akasema, "Asante. Mungu awabariki." Akaubeba begani juu ya suti yake ya pekee. Mimi nilikuwa nautazama utomvu unavyoshuka kwenye kola, na wazo pekee nililokuwa nalo ni kwamba utomvu wa ndizi hautoki, hata ufue na nini.

Tulirudi kwa miguu. Pikapu ya mfanyabiashara ikatufikia kwa nyuma, ikapunguza mwendo, mwenyewe akatoa kichwa dirishani.

"Kocha, pandeni niwasogeze."

"Tunatembea," nikajibu mimi, kabla yake.

Nyumbani nilivua kitenge cha kanisani, nikapaka mafuta mikononi, nikaanza kumenya zile ndizi. Nyama kidogo ilikuwepo, nikasema nitapika machalari, maana watu hawaachi kula kwa sababu ya mpira. Mume wangu akaja jikoni, akavuta kigoda, akakaa. Si kawaida yake kukaa jikoni. Nikamenya, akanitazama ninavyomenya.

"Kwa nini ulimtoa?" nikamuuliza. Tangu jana yake nilikuwa sijamuuliza.

"Niliogopa."

Nikasubiri. Nilijua kuna kitu kitafuata. Kijana alikuwa ameumia, au kadi ya njano, au refa alisema kitu. Mwanamke unajiandaa kupokea sababu, na sababu yoyote ningeipokea.

"Nilitazama saa," alisema. "Halafu nikawatazama watu. Tunaongoza, lakini hakuna hata mmoja aliyekuwa anashangilia tena. Wote walikuwa wananitazama mimi, wanangoja tufungwe. Nikaogopa. Alipokuwa anatoka nilishajua nimekosea."

"Ndiyo hivyo tu?"

"Ndiyo hivyo tu."

Maji yakaanza kuchemka. Nikatia ndizi.

"Ungekuwa wewe kwenye bodi," akasema, "ungenibakiza?"

Ningeweza kumdanganya. Namdanganya kila siku katika mambo madogo: shati limekupendeza, mama yako hakunisumbua. Lakini uongo nao unataka nguvu, na siku ile sikuwa nazo. Nilikuwa nimechoka kumtetea kwa mafundi wenzangu Sokon One, kwa wateja, kwa ndugu zangu. Nilikuwa nimemtetea uani asubuhi ile ile, na nilikuwa natetea kitu nisichokiamini. Sikumwonea hasira, sikumwonea huruma. Nilifunika sufuria.

"Ningekutoa," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa, taratibu.

"Sawa," alisema.

Tukala. Aliomba aongezewe, nikamwongezea. Jioni akashusha makatoni juu ya kabati, akaanza kupanga vitabu vyake, nami nikakunja mapazia ya chumba cha wageni. Hatukuambizana kwamba tunahama. Nilikuwa nimeshauliza bei ya vyumba Lemara kwa simu, na ukweli ni kwamba nilisikia nafuu. Nafuu ndogo, lakini ndicho kitu cha kwanza nilichokisikia tangu ile kona.

Jumanne sikwenda kazini. Alirudi alasiri. Nilikuwa nafunga vyombo kwenye magazeti. Akasimama mlangoni, viatu vyekundu kwa vumbi.

"Wamenibakiza," alisema.

"Nani wamekubakiza?"

"Bodi. Wote. Walinyoosha mikono wote."

"Hata yule wa ndizi?"

"Yule ndiye aliyeanza kunyoosha." Akaegemea fremu ya mlango. "Nilipotoka nikamwambia tulishapanga makatoni. Akanishika mkono, akanicheka. Akaniambia, 'Kocha, na wewe ukafunga mizigo kweli? Sasa mtu tusiyemtaka, tutamnunulia mkungu mzima? Si tungekaa kimya tu?'"

Hapo nikaelewa, na nilitakiwa kuelewa tangu Jumapili, mimi niliyezaliwa kwenye minada hiyo. Tuliwahi kuwa na mwinjilisti ambaye usharika ulimchoka. Hakuna aliyemsema. Hakuna aliyemtania. Jumapili baada ya Jumapili alisimama pale uani akitabasamu, na mpaka anahamishwa hakuna mtu aliyemnunulia hata yai. Ndivyo watu wetu wanavyomfukuza mtu. Mume wangu walimkejeli mpaka wakashika miti, kwa sababu kwao hilo lilikuwa limekwisha: ametuudhi, lakini ni wa kwetu. Uani pote pale palikuwa na mtu mmoja tu ambaye hakuona kitu cha kuchekesha: mimi.

"Hongera," nikamwambia.

"Asante."

Akavua viatu, akaingia, akakaa kwenye kiti kilichobaki, maana vingine nilikuwa nimevipanga ukutani. Akatazama makatoni, akatazama madirisha yasiyo na pazia. Hakuwa amekasirika. Ningependa angekasirika, hasira ninaijua.

"Kumbe hakuna aliyenitoa," alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayehesabu wachezaji waliokuja mazoezini. "Ni hapa nyumbani tu."

Nilikuwa na sahani mkononi, nusu imefungwa gazeti. Nikamuuliza kama nimpakulie chakula.

Akasema amekula huko huko, na wenzake.