Isale Lililokuja Mapema

Sijui kama nayaandika haya sawasawa. Shule yangu iliishia darasa la saba, na shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, akishika kalamu atayaeleza vingine. Lakini mti wetu wa msesewe umesimama, na aliyekataa usikatwe ni mimi.

Umeota juu ya mfereji, mpakani mwa kihamba cha shemeji, shamba lake la migomba, na changu. Majani ni mabichi mwaka mzima, hata kiangazi migomba inapokauka. Gome lake tunalitwanga, tunalichemsha na ulezi. Bila uchungu ule, mbege, pombe yetu, ni uji wa ndizi tu. Mama mkwe aliwanywesha watoto maji ya gome hilo kwa ajili ya minyoo. Hilo mimi niliacha. Ni kali, na sina hakika nalo.

Shemeji ana hoja. Tawi moja lilivunja paa la banda lake la mbuzi, na pombe imeharibu watu hapa kwetu, siwezi kudanganya. Alitaka mbao za kumalizia nyumba yake ya mjini, mtaa wa Soweto.

"Gome si linauzwa sokoni Kwa Sadala?" aliniambia.

Linauzwa, kweli. Nikamuuliza, hao wauzaji wanabandua wapi, kama kila mtu atakata wake?

Jumamosi akaja na fundi wa msumeno. Mkononi alishika isale, lile jani ambalo Mchagga akikuletea kuomba radhi, humkatalii.

"Shemeji, pokea."

"Umenikosea nini?"

"Bado. Nataka kukata huu mti, nisamehe kabisa."

"Isale ni la kosa lililokwisha tendeka, shemeji. La kwako halijazaliwa."

Fundi akacheka. "Bosi, mama kakufunga bao."

"We washa mashine."

"Awashe," nikasema, nikaegemea shina. "Mimi sitoki."

Mpaka leo sijui kama nilisema mila ilivyo au nilijitungia pale pale. Lakini shemeji alibaki analigeuzageuza jani lake. Nikamwambia fundi akate matawi yanayoinamia banda, maana hayo ni haki ya shemeji, na nikasaidia kuyaburuta.

Shina, hapana. Akitaka kusamehewa, kwanza anikosee. Na akija kunikosea, atanikuta nimeegemea hapo hapo.