Maji Baada ya Jua Kuzama

Kinyozi wa jirani alimbandika fundi saa jina la Chujio, nalo likamganda. Kila asubuhi, kabla hajafungua kibanda, fundi alifunga kitambaa cheupe kwenye mdomo wa bomba ili asije akameza kijidudu.

"Chujio, hao wadudu wako wanakulipa kodi?" kinyozi alimtania.

Fundi alicheka tu. Alikuwa Mjaini, mfuasi wa dini ya Kihindi inayokataza kudhuru kiumbe chochote, na kwa Wajaini kiumbe hakidharauliwi kwa udogo wake. Hakula nyama wala mayai. Viazi na vitunguu pia hakugusa, maana kung'oa mzizi ni kuua mmea mzima na vilivyomo udongoni. Jua likizama, hakula tena mpaka kuche.

Watu walimheshimu kwa msimamo huo. Yeye aliikumbuka jioni moja ambayo msimamo huo ulimponza.

Mama yake alikuwa kitandani, amebaki mifupa. Tangu ujana wake alikuwa ameweka nadhiri ya kutotia kitu kinywani baada ya jua kuzama, hata maji. Giza lilipoanza kuingia dirishani, alinong'ona, "Maji, wanangu." Dada yake fundi, ambaye ndiye kitindamimba, akajaza kikombe. Fundi akamshika mkono.

"Jua limezama."

"Kaka, mama ana kiu."

"Nadhiri ameitunza maisha yake yote, uje kumvunjia leo?"

"Si anaomba mwenyewe?"

"Homa ndiyo inayoomba."

Dada akakitua kikombe. Mama hakuiona asubuhi.

Hawakugombana. Wajaini wana siku yao ya mwaka ya kuombana radhi, ambapo kila mtu huwaendea ndugu, marafiki, hata wateja, na kuwaambia: kama nimekukosea kwa kujua au kwa kutojua, nisamehe. Fundi alimwambia kinyozi, naye akajibiwa kwamba kosa lake ni kukaa miezi bila kunyoa. Alimwambia na dada yake, dada akamrudishia maneno yaleyale. Ya kikombe hayakutajwa. Maneno yale yalikuwa mapana, yakafunika kila kitu, na fundi akajificha humo mwaka baada ya mwaka.

Kisha dada akatangaza kwamba anakwenda kuwa mtawa. Angeacha nyumba, mali na undugu. Angetembea pekupeku, aombe chakula mlango kwa mlango, na aweke kitambaa mdomoni ili pumzi yake isidhuru viumbe vya hewani. Hata nywele zingeng'olewa kwa mkono.

"Kwa mkono?" kinyozi alishangaa. "Mlete kwangu, simtozi hata senti."

Safari hii fundi hakucheka.

Mchana wa mwisho alimkuta dada yake chumbani, anakunja nguo za kugawa.

"Mdogo wangu."

"Naam, kaka." Akaacha kukunja. Akamtazama na kungoja.

Fundi akazitazama zile nguo. "Kama nimekukosea kwa kujua, au kwa kutojua..."

Uso wa dada ukasinyaa kidogo. "Nami unisamehe, kaka," akasema, akaokota gauni jingine.

Usingizi ulimpaa tangu siku hiyo. Dada alipokwisha kula kiapo, fundi aliwavizia watawa barabarani wakiondoka mjini, akamtambua kwa macho yaliyokuwa juu ya kitambaa.

"Nilikushika mkono," akasema, maneno yakimtoka kwa kukwama. "Ilinipasa nikuache umpe mama yale maji. Nilikosea, nikajua, nikanyamaza."

Mtawa aliinamisha macho. "Viumbe vyote nimevisamehe. Sina kinyongo na yeyote."

"Nisamehe mimi. Kaka yako."

Mtawa mkubwa aliyekuwa mbele akageuka. Sauti yake ilikuwa ya upole. "Baba, huyu hana kaka tena. Mwache aende."

Dada akawafuata wenzake. Walikuwa na mwendo mrefu, na ilikuwa lazima wafike kabla ya giza. Fundi aliunganisha viganja kifuani, akasimama pembeni ya barabara. Walipofika kwenye kona alijaribu kumtafuta kwa nyuma, lakini wote walivaa nyeupe, wote vichwa bila nywele, na hakuweza tena kujua yupi alikuwa wake.